Ukiweka Mstari Mmoja, Vim Inabadilika: Mhadhara Mwanza

Ndugu zangu, karibuni. Tuanze na faili dogo tu: orodha ya mitumbwi ya mwaloni Kirumba, namba 001 mpaka 020. Ifungueni kwa Vim 8, kihariri cha maandishi, wekeni kasa (ile alama ya mahali unapoandika) juu ya 007, bonyezeni Ctrl-A, yaani ongeza moja. Inakuwa 008, sawasawa.

Sasa tengenezeni ~/.vimrc, faili lenu la mipangilio ya Vim, lenye mstari mmoja, `set number`, wa kuonyesha namba za mistari. Fungueni tena orodha, rudieni Ctrl-A kwenye 007. Mmeona? 010! Mitumbwi miwili imerukwa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Msiilaumu `set number`. Tangu Vim 8.0 ya mwaka 2016 kuna faili liitwalo defaults.vim, ambalo husomwa pale tu mtumiaji asipokuwa na vimrc yake. Ndilo linalowasha rangi, linaloacha mistari mitano juu na chini ya kasa, na linaloizuia Vim isihesabu kwa msingi wa nane namba inayoanza na sifuri. Katika msingi wa nane, baada ya 7 inakuja 10. Mkishaweka ~/.vimrc, hata tupu kabisa, defaults.vim haliguswi. Kwa maoni yangu huu ni mtego mbaya, maana anayeongeza kitu hategemei kupunguziwa.

Dawa yake: mstari wa kwanza wa ~/.vimrc uwe

`source $VIMRUNTIME/defaults.vim`

Ya kwenu yaandikeni chini yake, kwa sababu agizo la mwisho ndilo linaloshinda. Kama kipanya, ambacho defaults.vim hukiwasha pia, kinawasumbua mnaponakili maandishi, ongezeni `set mouse=`, au shikilieni Shift mnapochagua.

Kwenye Debian (mfumo endeshi wa Linux) iliyosakinishwa kwa uchache, amri `vi` hufungua vim-tiny, yaani Vim iliyopunguzwa, nayo huiga vi ya kale, kihariri kilichoitangulia Vim. Mkibonyeza mishale mkiwa mnaandika, zinatokea herufi A, B, C, D. Kibodi ni nzima. Sakinisheni kifurushi cha `vim`.

Umeme je? Vim huandika faili la akiba lenye mwisho .swp kila baada ya herufi 200, au mkitulia sekunde nne. Umeme ukirudi: `vim -r orodha.txt`, kagueni, hifadhini, kisha futeni lile .swp. Msipolifuta, mtaulizwa swali lilelile kila mkifungua.

Nano, kihariri kingine, ina mitego yake pia, ila michache. Kabla ya toleo 4.0 la mwaka 2019 ilikuwa ikikata mstari mrefu katikati wakati wa kuandika, na mstari wa mipangilio ukikatwa, huduma inaweza kugoma kuwaka. Kwenye seva ya zamani tumieni `nano -w`.

Nasikia swali kule nyuma: mbona `sudo vim` haifuati vimrc yangu? Mara nyingi sudo, amri inayokupa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), inasoma nyumbani kwa root, siyo kwako. Tumia `sudoedit`: hunakili faili pembeni, unalihariri kama wewe mwenyewe kwa vimrc yako, ukifunga linarudishwa mahali pake. Kabla ya hapo weka `export EDITOR=vim` kwenye ~/.bashrc, faili la mipangilio ya terminali yako, la sivyo huenda ukafunguliwa nano.