Jinsi ya kupima kama dodoso la ustawi la Kichina linaaminika

Karibuni watazamaji. Leo tunafanya kazi na WHO-5, dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, katika tafsiri yake ya Kichina. Lina kauli tano kuhusu hali ya mtu kwa wiki mbili zilizopita. Kila kauli hupewa alama 0 hadi 5. Jumla ikizidishwa kwa 4, unapata alama kati ya 0 na 100.

Kwanza, jua wasomaji wako. Guangzhou na Singapore hutumia herufi zilizorahisishwa, Taipei na Hong Kong herufi za jadi. Kila kundi lihesabiwe peke yake.

Pili, kusanya majibu. Usiombe majina, ila mtu huyohuyo atajaza tena baadaye, kwa hiyo mwambie aandike namba ya siri: mwezi wa kuzaliwa na tarakimu mbili za mwisho za simu yake. Mfano, 0947.

Tatu, fungua Excel. Mtu mmoja mstari mmoja, kila kauli kolamu yake, kolamu ya sita ni jumla. Chini ya kila kolamu weka fomula ya VAR.S upate varianzi, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika. Tuseme varianzi za kauli tano zikijumlishwa ni 6, na ya kolamu ya jumla ni 20. Gawanya 6 kwa 20, upate 0.3. Itoe kwenye 1, inabaki 0.7. Zidisha kwa 5, yaani idadi ya kauli, gawanya kwa 4, yaani idadi hiyo kasoro moja: 0.875. Hiyo ndiyo alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja, na wengi hukubali kuanzia 0.70.

Sasa ondoa kauli moja moja, urudie hesabu. Alfa ikipanda ukiondoa ile ya kuamka ukiwa umepumzika, watafute wasomaji wachache wa Kichina, waisome kwa sauti na wakueleze walivyoielewa. Tafadhali msiruke hapa, maana alfa haiwezi kukuambia msomaji alikwama wapi.

Nne, wajaze tena, na hapa panahitaji uangalifu zaidi. Ukirudi baada ya siku mbili, watakumbuka majibu yao. Ukichelewa mwezi mzima, maisha yamebadilika. Mimi napendelea wiki moja. Epuka Mwaka Mpya wa Kichina, na kwa wanafunzi wa sekondari epuka gaokao, mtihani wa China wa kuingia chuo kikuu, wa mwezi Juni, kwa sababu hisia hubadilika kweli nyakati hizo na dodoso litalaumiwa bure. Ongeza swali moja: kuna jambo kubwa limekupata tangu ulipojaza? Waliojibu hapana ndio utakaowatumia.

Unapolinganisha majibu ya mara ya kwanza na ya pili, usipime kwa uwiano wa Pearson, unaoangalia tu kama alama hupanda na kushuka pamoja. Kila mtu akipanda alama 3, Pearson bado itasema 1, hali alama zimehama. Tumia ICC, kipimo cha jinsi alama za mara mbili zinavyolingana: kwenye R, programu ya takwimu, kifurushi cha psych kina amri hiyo. Soma mstari wa ICC2, inayodai alama zenyewe zilingane. Unapoandika ripoti, weka pia mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95 na idadi ya waliorudi, kwa kila kundi.