Seli zilizotangulia: kazi ya nyuroni za kwanza kwenye ubongo wa panya

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo nawaletea nyuroni, yaani seli za neva, zile za kwanza kuzaliwa, ambazo ukipasua ubongo wa panya aliyekomaa karibu huzioni kabisa, nyingi zimeshakufa zamani, na bado nasema hizo ndo zimeujenga.

Tuanze na muda. Mimba ya panya ni siku 19 au 20 hivi, basi. Ukifika siku ya 10, pale itakapokaa koteksi, yaani gome la nje la ubongo, kuna ukuta mwembamba tu wa seli zinazogawanyika, halafu kuanzia hapo mpaka siku ya 17 nyuroni za koteksi karibu zote zinazaliwa, yaani wiki moja tu, hebu fikirieni hiyo spidi. Zile za kwanza kabisa zinatoka na kutandaza mkeka mwembamba juu ya ukuta, unaitwa pripleti. Wanaofuata hawaendi juu yake wala hawabaki chini yake, wanaupasua katikati. Nusu moja inasukumwa juu kabisa, humo ndo mna seli zinazoitwa Cajal-Retzius, nyingine inabaki chini, hiyo ni sabpleti, na katikati yake tabaka zote zinajipanga.

Zinajipangaje? Watafiti Angevine na Sidman mwaka 1961 waliwadunga panya wenye mimba thaimidini yenye mionzi, thaimidini ni kijenzi kimoja cha DNA. Seli inayotengeneza DNA siku hiyo inaidaka, na kama ndo mgawanyiko wake wa mwisho inabaki nayo maisha yake yote, kwa hiyo unaweza kuja baadaye ukajua hii ilizaliwa siku gani. Wakakuta kwenye hizo tabaka za katikati waliozaliwa mapema wako chini, waliochelewa wako juu. Kwa hiyo kila anayekuja inabidi apenye katikati ya wakubwa zake wote ili akakae juu yao, mimi hii mpaka leo inanishangaza.

Nataka muione hiyo safari kwa karibu. Nyuroni changa inashika uzi mrefu wa seli ya glia, yaani seli saidizi ya ubongo, uzi unaotoka chini kabisa mpaka kwenye ngozi ya juu ya ubongo, inanyoosha mkono mmoja mbele, inatulia, halafu kiini chake kinavutwa kuufuata mkono huo kikijibana kama kitu kizito kinachopitishwa kwenye mlango mwembamba, inatulia tena, inanyoosha tena. Ikikaribia tu zile seli za Cajal-Retzius, inaachia uzi na kukaa. Nani ameiambia imefika?

Jibu lilianza kwa panya mgonjwa. Mwaka 1951 mtafiti Falconer kule Edinburgh aliandika kuhusu panya wanaopepesuka wakitembea, wakaitwa riila, kutoka neno la Kiingereza la kupepesuka. Ukiweka koteksi yao kwenye hadubini moyo unauma kidogo kwa kweli, manake nyuroni zipo, idadi si tatizo kubwa, ila mpangilio umegeuka karibu juu chini, na ule mkeka wa kwanza haukupasuka, umebaki mzima juu, wageni wamerundikana chini yake kama watu waliofika wakakuta mlango umefungwa. Jeni yenyewe ilipatikana 1995. Inatengeneza protini inayoitwa riilini, na kwenye koteksi changa wanaoimwaga ni hao hao Cajal-Retzius waliotangulia kuzaliwa. Nyuroni inayopanda ina vipokezi viwili vya kuidaka, VLDLR na ApoER2, na ndani yake protini iitwayo Dab1 inapeleka habari. Je riilini inasema simama, au inasema panda, au inaisaidia nyuroni kujishikiza pale juu ili ijivute? Watu wamebishana miaka mingi, mimi naegemea hilo la kujishikiza lakini sitaki mlichukue kama limeisha. Na si habari ya panya peke yake, binadamu mwenye kasoro kwenye jeni hiyo hiyo anaweza kuzaliwa na ubongo usio na mikunjo ya kawaida.

Sabpleti nayo isidharauliwe kwa sababu iko chini. Nyuzi zinazotoka thalamasi, kituo cha habari kilicho ndani ya ubongo, zile zinazoleta habari za macho na ngozi, zinafika kwanza kwake ndo baadaye zinaingia koteksi. Ghosh, Shatz na wenzao mwaka 1990 waliziua seli za sabpleti kwa paka wachanga bado tumboni, na nyuzi zinazotoka kwenye kituo cha macho cha thalamasi zikapita chini ya sehemu ya koteksi ya kuona bila kuingia, zikaendelea tu mbele. Kwa panya baadhi ya seli hizi zinabaki mpaka utu uzima, ndo tabaka la chini kabisa la koteksi, linaitwa 6b.

Cajal-Retzius wenyewe nyingi zinakufa ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya panya kuzaliwa. Mtu atasema sawa, kazi imeisha, wanaondoka. Lakini kuna panya ambao waliondolewa jeni ya Bax, ile inayosaidia seli kujiua, kwenye hizi seli ili baadhi zisife, na hapo nyuroni za tabaka za juu zikaota matawi mengi kupita kawaida na msisimko wa mtandao ukazidi. Yaani hata kufa kwao kulikuwa sehemu ya ujenzi. Zimeni taa hapo mbele niwaonyeshe picha zenyewe, anzeni kuangalia juu kabisa, ule mstari mwembamba.