Kuruta na Yaliyo Moyoni Mwake: Mhadhara kwa Wazazi na Wakufunzi, Mtwara

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimekuja na jambo moja. Kuruta, yaani askari mwanafunzi, anapofundishwa kwata, shabaha na mchakamchaka, afundishwe pia stadi za maisha, yaani namna ya kuishi na yaliyo moyoni mwake, tena mapema na kwa ratiba. Asiachwe ajifunze mwenyewe usiku hangani, bwenini kwao, wenzake wamelala.

Huku kwetu Kusini sihitaji kulieleza sana. Jandoni kijana hapelekwi kutahiriwa tu. Anakaa kumbini, anaimbiwa, anaulizwa, anafundwa kuishi na wakubwa, na wenzake, na hofu yake. Wazee walijua mwili ukitiwa kwenye maumivu, akili nayo inataka mtu wa kukaa nayo.

JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994, yakarejeshwa 2013, na tangu hapo vijana wanaomaliza kidato cha sita wanaingia makambini, wengine hapa jirani Nachingwea, kikosi cha 843 KJ. Mtoto ametoka kwenye korosho za Tandahimba au ufuta wa Lindi. Ghafla simu hana, usingizi ni wa kukatizwa na firimbi, na hakuna anayemjua. Ndivyo askari anavyotengenezwa, sibishani na hilo. Lakini umri huo huo ndio ambao maradhi makubwa ya akili, kama skizofrenia, mara nyingi huanza kujitokeza. Kuruta anayeongea peke yake, au aliyeacha kula na kuoga, asiitwe mvivu, na nyumbani tusikimbilie kusema karogwa. Apelekwe zahanati ya kambi, na ikibidi hospitali ya Ligula au Sokoine. Stadi za maisha haziponyi ugonjwa huo, na nisingependa mtu atoke humu akiamini hivyo.

Zinasaidia wale wengine, walio wengi, ambao si wagonjwa ila wamelemewa. Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 lilizitaja stadi kumi, kuanzia kujitambua hadi kumudu msongo. Mimi kwa kuruta ningeanza na mbili.

Ya kwanza ni pumzi. Kwenye shabaha kuruta anaambiwa: vuta, toa, tulia, ndipo uminye triga. Pumzi ikiwa juu mtutu unacheza. Sasa mchukueni kuruta yule yule, amefokewa mbele ya platuni nzima. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, jibu la kumponza liko mdomoni. Avute kwa hesabu nne, atoe taratibu kwa hesabu sita, arudie. Kutoa pumzi polepole kunapunguza mapigo ya moyo, na mwili unaanza kushuka kutoka kwenye hali ya kupigana au kukimbia. Anaweza kulifanya akiwa amesimama mguu sawa, na hakuna atakayejua.

Ya pili ni kutatua tatizo. Habari inafika kambini: mama amelazwa. Asiyefundishwa anaweza kutoroka usiku ule ule. Aliyefundishwa anakaa na mwenzake, wanaulizana: kimetokea nini hasa? Leo, nikiwa hapa hapa, naweza kufanya nini? Nani ana uwezo wa kunisaidia? Anamwendea kiongozi wake, anaomba nyumbani kupigiwe simu, anaomba ruhusa. Anaweza kunyimwa. Ila ameshasema, mwenzake anajua, na hatalala na habari ile peke yake. Hili liigizwe darasani, mmoja awe kuruta, mwingine afande. Mdomo usiozoea kusema jambo zito hautaanza siku ya msiba.

Kufundisha stadi hizi kambini kumeshajaribiwa. Kule Great Lakes, kituo cha mafunzo Marekani, makuruta wa jeshi la majini walioonekana kuwa hatarini kupata sonona walikutana kila wiki katika vikundi. Matokeo yalichapishwa 2004: upweke ulipungua, wakajiona ni wa kikosi kimoja, wakatatua matatizo yao kwa njia bora zaidi.

Kuna kikwazo kinachoniuma. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana mwenye mawazo hayo anaogopa aibu, anaogopa kurudishwa nyumbani, na polisi pia anawaogopa. Mwambieni waziwazi kwamba kifungu kinasema juu ya jaribio. Kuwa na mawazo hayo na kuyasema si kosa. Na muulizeni bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunamfungulia njia ya kusema.

Maafande, nawaomba saa moja kwa wiki ya vikundi kama hivyo, na isiwe ile ya usiku baada ya fatiki, kazi za mikono za kambini, kuruta anasinzia. Yatakayosemwa kikundini yasigeuke doso, yaani adhabu, kesho yake. Likitokea mara moja tu, hamtasikia neno tena kwa kombania nzima. Lenye hatari kwa maisha ya mtu tu ndilo lipelekwe mbele, na hilo waambiwe tangu siku ya kwanza.

Wazazi, mnapowaaga stendi, punguzeni "usituaibishe". Mwambie mtoto: ukizidiwa, sema. Kisha mtajie nani wa nyumbani atakayepokea simu yake saa yoyote.

Karibuni maswali. Naomba tuanze na vijana.