Bega Linalotoka Kila Mara: Kabla ya Kushona Pimeni Mfupa

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo ni bega linalotoka, linarudishwa, linatoka tena, na hasa hili la mtu kafanyiwa operesheni nzuri tu, kapona kidonda, halafu bega linachomoka vilevile.

Kikombe cha bega ni kama kisahani, hakina kina, na kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko chenyewe. Kinachokishikilia ni labramu, ule mkanda laini wa ukingoni, pamoja na kano na misuli. Bega likitoka kwa mbele labramu inabanduka, wakati mwingine inaondoka na kipande cha ukingo, na kichwa nacho kinajigonga hapohapo kinabonyea kwa nyuma, hilo bonde ndo Hill-Sachs, jina la maradiolojia wawili walioliandika mwaka 1940. Likitoka tena mfupa unaweza kulika zaidi, kwa hiyo wewe unayejirudishia bega mwenyewe na kujisifu, acha bwana.

Operesheni iliyozoeleka ni Bankart, kuishona labramu irudi mahali pake, siku hizi kwa athroskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kwenye matundu madogo. Ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila mwaka 2000 madaktari wa upasuaji Burkhart na De Beer walitoa matokeo ya wagonjwa 194 walioshonwa hivyo: ambao mfupa haukupungua sana, bega lilirudi kutoka kwa 4% tu, waliopoteza mfupa mwingi ni 67%. Uzi uleule jamani! Unashona labramu kwenye ukingo ambao haupo, itashika wapi?

Ndo maana nasisitiza CT ya 3D, ile picha ya eksirei ya kompyuta inayouonyesha mfupa pande zote. Kichwa kinaondolewa kwenye picha, unachora duara kwenye sehemu ya chini ya kikombe, unaangalia kimepungua kiasi gani. Wengi husema ikifika 20 mpaka 25% kushona peke yake hakutoshi, wengine wameshusha hadi 13.5%. Mimi siiabudu namba moja, kijana anayecheza raga mwenye 15% simweki kundi moja na mzee wa ofisini mwenye 15% hiyohiyo.

Mfupa ukiwa umepungua sana tunafanya Latarjet, ya Mfaransa Michel Latarjet, 1954. Unakata korakoidi, kile kimfupa cha mbele cha bapa la bega kilichopinda kama ndoano, pamoja na misuli yake unaihamishia mbele ya kikombe, unakaza kwa skrubu, kwa kawaida mbili. Mfupa unaongezeka, na ile misuli mkono ukiinuliwa inakaza mbele kama mkanda, hapo ndipo utamu ulipo. Ila neva ziko jirani kabisa, si operesheni ya kujifunzia. Korakoidi ikishatumika unaweza kuchukua mfupa wa nyonga.

Bonde la nyuma ya kichwa, ile Hill-Sachs, nalo lipimwe, likiwa pana kiasi cha kunasa kwenye ukingo unalijaza kwa kushonea humo kano ya infraspinatusi, msuli wa nyuma ya bega, inaitwa remplisaji. Na mwenye kifafa, dawa za kifafa zikae sawa kwanza, degedege moja inaweza kung'oa kazi yote.

Kuna dada kauliza MRI, ile picha ya sumaku, haitoshi? Labramu inaionyesha vizuri, lakini kwa kupima mfupa mimi bado nitakuomba CT, na eksirei ya kawaida peke yake isikutulize, ukingo uliomegeka unaweza kujificha humo usiuone.