Babu Alikwenda Vitani Hakurudi: Anza na Namba, Jina Litafuata

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunamtafuta babu aliyekuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya pili vya dunia, akaaga nyumbani, habari zake zikakatika. Kaka Otieno, mjukuu anaanzia wapi?

OTIENO: Sandukuni kwa bibi, dada. Barua ya serikali, karatasi ya malipo ya mjane, medali, chochote chenye namba ya askari. Namba haina lahaja. Jina liliandikwa na karani kama alivyolisikia.

REHEMA: Na medali yenyewe inasema kitu?

OTIENO: Inategemea ni vita vipi. Medali ya fedha ya Waingereza ya vita vya kwanza imechongwa ukingoni: namba, cheo, jina, kikosi. Herufi ni ndogo mno, kwa hiyo iinamishe mwanga uipige kwa ubavu, utumie kioo cha kukuza. Na tafadhali usiisugue! Ukiing'arisha unakula herufi. Za vita vya pili Uingereza ilizitoa bila jina. Ukingo mtupu haumaanishi medali ni ya bandia.

REHEMA: Tuseme hakuna namba.

OTIENO: Ingia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni bure, lakini ina waliokufa tu. Kwa vita vya pili, kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Watu hukwama kwa kujaza kila kisanduku. Askari wengi wetu wameandikwa jina moja, likawekwa penye jina la ukoo. Acha jina la kwanza wazi, andika herufi tatu au nne za mwanzo, kisha punguza kwa kikosi na mwaka. Ukikosa, badilisha l na r, au ch na c. Wafula anaweza kuwa amelala pale kama Wafura.

REHEMA: Tarehe nayo husema.

OTIENO: Sana. Ukikuta 12 Februari 1944 na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, fikiria mara moja meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, nyambizi ya Wajapani ikaizamisha karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297. Kaburi hakuna, majina ya askari wetu yako kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

REHEMA: Na wapagazi wa jeshi wa vita vya kwanza, 1914 hadi 1918, wale wa Carrier Corps walioacha jina Kariakoo?

OTIENO: Hapo panauma. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa mpagazi, nenda Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi, uombe mafaili ya wilaya, yale yanayoanza na DC, na ya jimbo, PC.

REHEMA: Jina la babu litakuwemo?

OTIENO: Mara chache. Faili humtaja chifu, kwa kuwa ndiye aliyedaiwa vijana. Kwa hiyo kabla ya safari waulize wazee: chifu alikuwa nani, lokesheni gani, babu alitahiriwa na rika lipi, njaa ipi ilikuwa imepita. Usiulize mwaka, utapewa wa kubahatisha. Ukiruhusiwa kupiga picha, anza na jalada lenye namba ya faili, ndipo ufungue kurasa. Ukurasa usiojua umetoka faili gani hutaupata tena.