Uhuru wa Kuhama: Mhadhara Kuhusu Mifumo Huria ya Kuendeshea Tovuti

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kufika.

Watu wengi wakiambiwa WordPress, Drupal na Joomla, mifumo ya kuendeshea tovuti, ni mifumo huria, wanachoshika ni kwamba haiuzwi. Ni kweli, kuipakua ni bure. Lakini bei ndilo jambo dogo kabisa hapa. Kubwa ni kwamba mwenye tovuti hafungiwi ndani.

Chukueni b2, programu ya kuendeshea blogu iliyoandikwa na Michel Valdrighi. Ilifika mahali mwenyewe akaacha kuishughulikia. Ingekuwa programu ya kampuni, ingefia hapo hapo na tovuti zake zikabaki yatima. Bahati njema ilikuwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuchukua msimbo, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye awaachie wengine ruhusa ile ile. Matt Mullenweg na Mike Little wakaendelea pale ilipoachwa, na Mei 2003 wakatoa WordPress. Hawakulazimika kubisha hodi kwa mtu.

Mwaka 2005 watengenezaji wa Mambo, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti, nao walitofautiana na kampuni iliyomiliki jina hilo. Jina wakaliacha, msimbo wakaondoka nao. Septemba mwaka huo huo Joomla ikatoka.

Sasa, uhuru huu una kazi yake, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Tarehe 15 Oktoba 2014, Drupal walitangaza tundu la usalama katika toleo la 7, pamoja na kiraka chake, yaani marekebisho ya kuliziba. Tundu lenyewe lilimwezesha mtu asiye hata na akaunti kupenyeza amri zake mpaka kwenye hifadhidata, pale tovuti inapotunza taarifa zake. Dawa yake ilikuwa kubadili mstari mmoja tu wa msimbo. Lakini kiraka kikishawekwa hadharani, wavamizi nao wanakisoma. Wiki mbili baadaye timu ya usalama ikaonya kwamba tovuti yoyote ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe kuwa imekwishaingiliwa. Saa 7! Kuna waliokuwa wamelala muda wote huo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague mfumo upi, nami humwuliza nani atakuwa anausasisha. Vivyo hivyo kwa programu-jalizi, zile programu ndogo za kuuongezea mfumo uwezo: kila moja ni msimbo wa mtu mwingine ndani ya nyumba yako. Usiyoitumia ifute kabisa. Kuizima hakutoshi, kwa sababu mafaili yake bado yamo kwenye seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti.

Na huo uhuru wa kuhama, ujaribuni mapema. Katika WordPress maandishi hukaa kwenye hifadhidata, picha hukaa kwenye folda ya wp-content/uploads. Wengi huchukua kimoja wakadhani wamechukua vyote. Chukua nakala ya vyote viwili, irudishe kwenye seva nyingine, kisha fungua makala ya zamani kuliko zote uone kama picha zake zinatokea.