Shokapu za Mbele za Pikipiki za Zamani: Anza na Bomba

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena: anayetafuta shokapu za mbele za pikipiki ya zamani ya Triumph au Norton asianze na bei. Aanze na bomba, lile la chuma linaloingia na kutoka kwenye mguu wa chini, yaani ule mfuko wa nje wa shokapu.

Lichomoe ulione lote. Likiwa na vishimo vya kutu pale sili (kizuizi cha oili) inapopita, sili mpya italiwa upesi na oili itavuja mpaka kwenye breki. Kisha lilaze juu ya vitako viwili vyenye mfereji wa V, weka geji ya saa (kipimo chenye sindano) katikati, lizungushe taratibu. Geji husoma maradufu: sindano ikitembea milimita 0.4, bomba limepinda 0.2. Mpindo mdogo hunyooshwa kwa presi, chuma kikiwa baridi. Usikubali mtu alitie moto wa gesi! Ugumu utapotea, na litapinda tena. Lenye mkunjo unaoonekana kwa macho ni chuma chakavu, hata ukipewa bure.

Najua mtaniambia, “Si tutapiga kromu?” Pigeni, lakini si kromu ya urembo. Ni kromu ngumu: ya zamani inatolewa, bomba linasagwa, linapakwa nene, kisha linasagwa hadi kipimo chake cha asili. Baada ya kupakwa liingie kwenye tanuri, kama nyuzi 190 za Selsiasi kwa saa kadhaa, haidrojeni iliyoingia kwenye chuma wakati wa kupakwa itoke. Isipotoka, chuma kinaweza kupasuka. Mwulize fundi kuhusu tanuri. Akibabaika, chukua bomba lako uondoke.

La pili, miguu. Triumph Bonneville za hadi 1970 zina bushi, vipete vya kuteleza kati ya bomba na mguu, zikilika unabadilisha. Kuanzia 1971 bomba linateleza ndani ya aluminiamu yenyewe, bila bushi. Mguu ukilika, basi, labda uchongwe uvalishwe bushi. Watu wananunua miguu hiyo kwa kuwa inang'aa!

Muda unanibana, kwa hiyo haraka: nunua seti nzima ya pikipiki moja, pamoja na vibano vya juu na chini vinavyoshika mabomba, na ekseli. Kwenye Triumph hizo za bushi, legeza boliti za kibano cha chini, kaza kofia za juu bomba likae kwenye mchongoko wake, ndipo ukaze chini. Norton Commando hula oili sentimita za ujazo 150 kila mguu, ya unene wa SAE 20.